Holsta ya kuvaa na suti: mwongozo wa mtu anayevua koti kila siku

Koti utalivua tu. Ningepata mtu wa kuniambia hayo maneno matatu kabla sijatoa dola 90 kununua holsta yangu ya kwanza, yaani mfuko wa kuvaa bastola mwilini, ningeokoa pesa na aibu. Ilikuwa ya ngozi, ya kahawia, nzuri kweli, ile ya kukaa nje ya suruali juu ya mkanda, na kwenye kioo nikiwa na koti hakuna kilichoonekana, nikajipa hongera. Siku ya tatu nikaingia mkutano, Agosti ya Dallas, AC imekufa, kila mtu ametundika koti lake kwa kiti na mimi pekee nimekaa nimefunga kifungo natiririka jasho kama mtu aliyekimbizwa na mbwa. Mteja akaniuliza mara mbili kama niko sawa. Nikasema nina homa kidogo.

Mimi nauza nyumba, kazi ya kufungulia watu nisiowajua milango ya nyumba tupu, ndio maana nabeba bastola. Miaka imepita, holsta mbovu zimejaa boksi zima kwa gereji, na karibu zote nilizinunua kwa kosa lile lile, yaani nilichagua holsta ya mtu aliyevaa koti badala ya holsta ya mtu atakayelivua.

Hatua ya kwanza: karatasi

Naongea na wenzangu tulio Texas, ukiwa jimbo lingine sheria ni nyingine na mimi sio wakili. Hapa tangu tarehe 1 Septemba 2021 mtu wa miaka 21 kwenda juu ambaye sheria haimzuii kumiliki anaweza kubeba bastola bila leseni. Mimi bado nasema chukua leseni, hiyo wanaita LTC, ada yake ni dola 40, darasa ni saa chache, na mtihani wa kulenga ni risasi 50: 20 ukiwa yadi 3, 20 yadi 7, na 10 yadi 15. Hakuna cha kutisha hapo, na kuna majimbo mengine yanaitambua ukisafiri na gari.

Sasa sikiliza hii kwa makini kwa sababu watu wetu wanaichukulia mchezo. Kama uko hapa kwa viza ya muda, iwe ya masomo au ya kazi, sheria ya serikali kuu kwa kawaida haikuruhusu hata kumiliki hiyo silaha, vighairi vipo lakini ni vichache, na Texas kusema hauhitaji leseni hakubadilishi hilo hata nukta moja. Mwenye grini kadi anaruhusiwa. Na ile fomu ya dukani, 4473, usithubutu kuweka alama kwamba wewe ni raia na bado hujaapa, hapo utakuwa umeuza makaratasi yako yote ya uhamiaji kwa sababu ya bastola ya dola 500.

Alafu kuna milango. Ukiona bango la 30.06, maandishi makubwa ya Kiingereza na Kihispania, mwenye leseni haingii na bastola iliyofichwa. Bango jekundu la 51% ni mahali ambapo mapato mengi yanatoka kwa pombe, hapo usiingie nayo kabisa. Mahakamani, shuleni, majengo ya serikali kuu, sehemu ya ndani ya airport baada ya ukaguzi, hapana. Mwajiri pia anaweza kukukataza kuingia nayo ofisini, ingawa tangu 2011 hawezi kumzuia mfanyakazi mwenye leseni kuiacha kwenye gari lake lililofungwa pale parking.

Unaona hii inatupeleka wapi? Mtu wa suti anaingia na kutoka majengo siku nzima, kwa hiyo bastola itabaki garini mara nyingi kuliko unavyodhani. Ile holsta yangu ya ngozi ilikuwa imeshonewa vitanzi, mkanda unapita ndani, ili uivue lazima ufungue mkanda mzima, uko kwenye gari pale parking ya benki unavuta mkanda nusu suruali iko wazi na mama mwenye toroli ya supamaketi anakutazama. Kwa hiyo sharti namba moja kabla ya mengine yote: holsta itoke na kurudi kwa klipu, nzima nzima na bastola ikiwa bado ndani yake, triga imefunikwa, unaihamisha kwenda kwa kasha dogo la chuma ulilofunga kwa kebo chini ya kiti. Kadiri unavyoichomoa bastola na kuirudisha garini ndivyo unavyojitafutia siku ya risasi kupita kwa dashibodi.

Hatua ya pili: siku yako, sio kioo chako

Chukua siku moja ya kawaida uangalie mwili wako unafanya nini. Mimi naendesha gari saa tatu au nne kwa jumla, nainama kufungua vile visanduku vya funguo vilivyo chini ya mlango, nafikia rafu za juu nikionyesha watu makabati ya jikoni, nakaa kwa viti vya mikono. Na jumapili, jamani, kukumbatiana. Hakuna mwongozo wa Wamarekani utakuambia hii lakini kwetu sisi huo ndio mtihani mkubwa. Kwenye harusi moja Arlington mama mmoja alinikumbatia vizuri, mkono ukazunguka kiuno ukatua pale pale juu ya mshiko, akarudi nyuma akanitazama, akauliza, "Mwanangu, hii ni nini ngumu hivi umebeba?" Nikamwambia ni sukari, ile mashine ya kupima. Akaniombea pale pale kwa sauti, mbele ya watu, Mungu aniponye kisukari. Mpaka leo ananitumia meseji za majani ya mlonge.

Kwa hiyo jiulize: nani ananigusa, na ananigusa wapi? Mikono ya watu wanaokukumbatia hupita pembeni na mgongoni. Mbele ya tumbo haifiki.

Hatua ya tatu: bastola yenyewe

Watu huchagua bastola ya mtutu mfupi wakidhani ndio itajificha. Mtutu uko ndani ya suruali, hakuna mtu anayeuona. Kinachojichora kwenye shati ni mshiko, kile kitako kinachobaki juu ya mkanda na kusukuma kitambaa kama kiwiko cha mtoto. Glock 19 ni bastola nzuri lakini kutoka juu mpaka chini ya magazini, kile kikasha cha risasi, ni karibu milimita 128 na ikijaa risasi inakaribia gramu 850, kwa jinzi na tisheti pana inabebeka, kwa suruali ya suti ya sufu nyepesi inavuta upande mmoja mpaka unatembea kama umeumia nyonga. SIG P365 ilipotoka 2018 ilibadilisha hesabu, risasi 10 kwa kitu cha karibu nusu kilo ikiwa tupu, upana kama inchi moja hivi. Glock 43X nayo ni nyembamba lakini mshiko ni mrefu, kwa suti ningechukua 43 ya kawaida. Wanaopenda rivolva ndogo za risasi 5 za Smith & Wesson wana sababu yao pia, ule mshiko wa mviringo hauna kona na kitambaa kinapita juu yake kama juu ya ndizi.

Hakikisha tu holsta imetengenezwa kwa modeli yako hasa. Zile za kitambaa cha nailoni zinazoandikwa zinaingia bastola zote, za dola 15, achana nazo, haziishiki bastola vizuri na zinalegea mdomo. Jambo ambalo halina mjadala ni kwamba triga iwe imefunikwa yote na kitu kigumu, kidole kisiweze kubonyeza kupitia juu ya holsta. Ngozi ya zamani ikilainika inaweza kujikunja ikaingia kwenye triga wakati unarudisha bastola, na ikishaingia unajua kinachofuata.

Hatua ya nne: ikae wapi

Hapa kwanza tuelewane lugha. Wamarekani wanahesabu mahali kwenye kiuno kwa uso wa saa, kitovu ni 12, nyonga ya kulia ni 3, uti wa mgongo ni 6. Namba 3 iliyoandikwa kwenye saa ya ukutani, sio saa tatu yetu! Nilimuelekeza jamaa mmoja kwa simu kwa Kiswahili, nikasema weka saa tatu, akaiweka nyonga ya kushoto, na yeye anatumia mkono wa kulia.

Nje ya suruali, namba 3 au 4: ndio raha kuliko zote kukaa nayo, na ndio hiyo ya hadithi yangu ya homa. Kama kazi yako haivui koti kabisa, mfano mlinzi wa mtu mkubwa au dereva wake, chukua. Wengine wote hapana.

Ya begani, ile ya mikanda miwili kama ya sinema: inapendeza mno, ila ukivua koti umekuwa askari kanzu mbele ya ofisi nzima, na zile za kulala zinaelekeza mtutu kwa mtu aliye nyuma yako kwenye foleni. Ya kifundo cha mguu inafaa rivolva ndogo kama unakaa kwa gari siku nzima, lakini suruali za siku hizi zimebana chini, ukikunja nne tu imeonekana. Mfukoni mwa suruali ya suti kitambaa ni chepesi, kitu kinaning'inia na kugonga paja. Mfukoni mwa koti, tumeshasema koti linakwenda wapi, utaliacha kwa kiti uende kuchukua chai na bastola imebaki na watu.

Inabaki ndani ya suruali, na hapo ndipo pesa yako iende. Kuna sehemu mbili. Nyuma ya nyonga, kati ya 3 na 4, holsta ikiwa imeinamishwa mbele kama nyuzi 15, mshiko unafuata mwili badala ya kuchomoza mgongoni. Hii ni nzuri kwa wenye kitambi na wanaoendesha sana, ubaya wake ni kuinama na kukumbatiwa. Sehemu ya pili ni mbele, karibu namba 1, kati ya kitovu na nyonga. Hapo inajificha ajabu, tai na vifungo vya shati vinavunja umbo, hakuna mtu anagusa, koti likiwa wazi bado pindo la kulia linaifunika. Ubaya, mtutu unaelekea mahali ambapo hakuna mwanaume anataka uelekee, kwa hiyo nidhamu ya kurudisha bastola iwe ya hali ya juu, na tumbo likiwa kubwa ukikaa inakusukuma mbavu. Mimi nilihamia mbele baada ya maombi ya Arlington.

Hatua ya tano: vitu vidogo vinavyoamua kila kitu

Tafuta holsta ambayo shati linachomekwa juu yake. Yaani klipu imeachana na mwili wa holsta kwa chini, ikaacha nafasi kama ya kidole, unapitisha shati hapo katikati, shati linaifunika bastola yote na kinachobaki nje ni klipu tu kwenye mkanda. Vedder LightTuck ni mfano unaojulikana, ya kydex, ile plastiki ngumu. Klipu yenyewe iwe nyeusi kwa mkanda mweusi, au uchukue zile za ndoano zinazojificha nyuma ya mkanda na kuonekana kama uzi tu chini yake. Watu hawatazami viuno vya wenzao, amini, ila ukikaa unaishika shika kila dakika tano wataanza kutazama.

Ukiibeba mbele tafuta holsta yenye ukucha, kile kipande kidogo pembeni kinachosukumana na mkanda ili kigeuze mshiko uingie kwa tumbo. Alafu weka kabari ya sponji chini, upande wa mwili, karibu na mdomo wa mtutu. Inasukuma chini nje na juu inarudi ndani, kama mti unavyoinama ukiuchimba upande mmoja. Zinauzwa, lakini ya kwangu nimekata kutoka kwa soli ya ndani ya viatu vya mazoezi vilivyochakaa, tabaka mbili, nikabandika velkro, imenigharimu sifuri na ndio iliyomaliza tatizo ambalo holsta mbili za dola 80 zilishindwa.

Ngozi au kydex? Nilikuwa mtu wa ngozi, na kazi ya watu kama Milt Sparks ni sanaa kabisa, inakaa mwilini kama kiatu cha zamani. Lakini joto la hapa linapita nyuzi 38 wiki nzima, ngozi inakunywa jasho na bastola inaanza kutu pale chini ya slaidi, kile kipande cha juu kinachoteleza. Kydex unaosha kwa sabuni na maji jioni, imekauka kabla hujala. Vaa fulana ya ndani ndefu iliyochomekwa, na holsta iwe na ile ngao ya juu inayotenganisha slaidi na ngozi yako.

Hatua ya sita: mkanda, na kwa nini nilikosea miaka miwili

Holsta nyingi zinakuja na klipu za mkanda wa inchi 1.5. Mkanda wa suti, ule wa heshima, ni inchi 1.25. Nilivaa hivyo miaka miwili, klipu ina nafasi ya robo inchi, holsta inapanda na kushuka kila ninapokaa, nikalaumu holsta, nikanunua nyingine, ikafanya vile vile. Agiza klipu za 1.25, ni dola chache, mtengenezaji mzuri anazo. Mkanda wenyewe uwe na kiini kigumu ndani, chuma chembamba au plastiki, kwa nje ni ngozi ya kawaida na bizimu ya kawaida. Jaribio: ushike ukiwa umelala ubavu kama rula, ukining'inia kama tambi rudisha dukani.

Kama suruali zako hazina vitanzi kabisa, au unavaa mikanda ya mabegani, na hii inahusu sana dada zetu kwa sababu suruali za suti za kike hazijali mkanda, angalia PHLster Enigma. Ina mkanda wake mwembamba unaovaliwa chini ya nguo moja kwa moja kiunoni, holsta yako ya kydex inafungwa juu yake, suruali haibebi uzito wowote. Kuiseti kunachosha, tenga jioni nzima. Ila mkoba wa mkononi kama holsta sipendi, mkoba huwekwa chini, huachwa kwa kiti, na watoto hutafuta peremende humo.

Hatua ya saba: fundi

Suruali iongezwe inchi moja mpaka mbili kiunoni, pimwa holsta ikiwa ndani na bastola ikiwa imeachwa nyumbani, unaweza kununua ya bandia ya plastiki ya bluu ya umbo lile lile. Yenye marinda mbele inasamehe zaidi kuliko iliyonyooka. Koti liongezwe kidogo tu kiunoni upande wa bastola, likibana linavuta X pale kwa kifungo na kila mkunjo unaelekeza macho. Rangi nzito, sufu ya uzito wa kati, mistari au drafti ndogo ndogo, vinaficha. Kitani cheupe cha kiangazi kinasema kila kitu ulicho nacho. Mipasuo miwili ya pembeni inapendeza, lakini ukiweka mkono mfukoni pindo linafunguka, kwa anayebeba nyuma ya nyonga mpasuo mmoja wa kati ni salama zaidi.

Na bitana! Mshiko wenye mikwaruzo unaila bitana kama panya. Koti langu la kijivu lilitoboka ndani ya miezi minne. Fundi wangu, mzee wa Kivietinamu pale Garland, hakuuliza swali hata moja, alishona kipande cha bitana nzito zaidi sehemu hiyo, dola 25, na tangu siku hiyo kila koti nalopeleka anagusa upande wa kulia anauliza, "Same?"

Hatua ya nane: mazoezi, na choo

Kabla ya kutoka nayo, toa risasi, hakikisha chemba ya bastola ni tupu, hakikisha tena, risasi ziwe chumba kingine cha nyumba. Vaa suti yote. Kaa, inama, funga kamba ya kiatu, ingia na kutoka kwa gari, mwambie mke akukumbatie. Zoea kuvuta shati juu kwa mkono wa kushoto mpaka litoke lote. Kurudisha ndio hatari: angalia kwa macho, shati likiwa mbali, polepole, hakuna zawadi ya haraka. Baada ya wiki mbili za hivyo ndio uingie nayo ofisini.

Choo cha ofisi hakuna anayekizungumzia. Usiiweke juu ya kishikio cha karatasi, usiitundike kwa ndoano ya mlango, watu husahau na anayeikuta ni mfagiaji. Ukifungua mkanda funga tena bizimu kwenye tundu la mwisho ukiwa umeshusha suruali mpaka kwenye magoti, sio mpaka chini, mkanda ubaki umekaza, holsta isipinduke na isionekane chini ya ukuta wa mwenzako. Nilijifunza hili kwa kuisikia ikigonga vigae, klak, ikiwa ndani ya holsta kwa bahati nzuri, na jirani yangu akakohoa.